Je, Kila Akataaye ni Mwasi?

Mwanafunzi akimwuliza mwalimu maana ya neno la Kiingereza "rebellion", jibu huwa jepesi: uasi. Kamusi huridhika na somo huendelea. Lakini sisi tufundishao lugha twajua kwamba neno halivuki mpaka mikono mitupu. Huja na mizigo yake. Yafaa tuifungue mizigo hiyo, kwani ndani ya swali hili la lugha limo swali la maadili: je, kila akataaye amri ni mwasi?

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Neno hilo lina asili ya Kilatini, na kiini chake ni vita. Aliyeitwa hivyo zamani ni mtu aliyekwisha kushindwa, kisha akapigana tena na mshindi wake. Basi neno hutazama kwa jicho la mshindi. Kabla hatujasikia madai ya mshindwa, limekwisha kumpa mwenzake haki ya kutawala.

Kiswahili nacho kina mizigo yake. Kitenzi "asi" kimetoka katika Kiarabu, na jamaa yake ni "maasi", yaani madhambi. Mtu humwasi Mungu, huwaasi wazazi. Hata kijana aoapo twasema kwa mzaha kwamba ameasi ukapera. Ukaidi ni jambo jingine: ni kushupaza shingo bila kujali shauri, na wahenga walinena kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Kugoma ni kuacha kazi ili madai yasikizwe. Ama kukataa, ni kusema la tu. Halina dhambi wala sifa mpaka tujue kilichokataliwa.

Historia ya Uganda yatupa mfano ulio wazi. Baada ya Mukama Kabalega kukamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli, Waingereza waliwaweka Waganda kuwa machifu katika sehemu za Bunyoro, na Kiganda kikatumika katika utawala na kanisani. Mwaka 1907 Wanyoro walikataa kuwatii machifu hao. Hawakuunda jeshi, walitaka watawaliwe na watu wa kwao. Viongozi wao walikamatwa, na baadhi wakahamishwa mbali na kwao. Vitabu vya Kiingereza vikaliita tukio hilo "rebellion". Wanyoro wenyewe waliliita Nyangire, maana yake "nimekataa".

Tazameni tofauti hiyo, walimu wenzetu. Jina la kwanza ni la mtazamaji asimamaye nje. La pili ni kitenzi katika nafsi ya kwanza, nalo lina mtu ndani yake. Asemaye "nimekataa" ametaja tendo lake na kukubali kuulizwa sababu. Aitwaye mwasi amekwisha kuhukumiwa, haulizwi neno.

Hata hivyo tusije tukafanya kila ukaidi kuwa ushujaa. Kaskazini mwa Uganda, kundi la Joseph Kony lilidai kuipinga serikali, huku likiteka maelfu ya watoto na kuwaua wanavijiji wasio na silaha. Hapo neno uasi halikuwaonea watu hao. Pengine lilikuwa dogo mno. Kwa hiyo madai ya mtu hayatoshi kumtakasa. Sharti tuulize mambo matatu: anakataa nini, kwa njia gani, na ni nani atakayelipa gharama ya kukataa kwake? Viongozi wa Nyangire walilipa wenyewe. Kony aliwalipisha watoto wa watu.

Swali hili laingia hata darasani mwetu. Twaandika taarifa za wanafunzi kila muhula, na neno moja la mwalimu laweza kumfuata mtoto miaka mingi. Mtoto akataaye kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake si sawa na yule akataaye kila analoambiwa. Tukiwaandika wote wawili "wakaidi", tumekitumia Kiswahili vibaya, tena tumemdhulumu mmoja wao.

Basi twapendekeza zoezi dogo. Tuwape wanafunzi maneno manne, yaani kukataa, kugoma, ukaidi na uasi, watunge sentensi kisha waeleze kwa nini neno moja halifai mahali pa jingine. Na sisi, kabla ya kutia neno mojawapo katika taarifa, tumwite kwanza mtoto na kumwuliza sababu yake.