Dinari Mbili za Mwenye Nyumba ya Wageni

Katika Evanjili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10, imeandikwa habari ya msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia itelemkayo kwenda Yeriko. Kila Mkristu amjua Msamaria Mwema. Lakini yuko mtu mwingine katika habari hiyo, ambaye wasikilizaji humpita upesi: ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfunga yule maskini majeraha yake, akampandisha juu ya mnyama wake, akamwuguza usiku mmoja. Kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba, akaahidi kulipa yote yatakayozidi siku ya kurudi kwake. Basi ni nani aliyebaki na mgonjwa? Ni nani aliyebadili vitambaa vya majeraha, akamnywesha maji usiku wa manane, akavumilia kilio chake na harufu ya vidonda vyake? Ni mwenye nyumba.

Mababa wa Kanisa, na Mtakatifu Augustino mmoja wao, walifundisha ya kuwa Msamaria ni mfano wa Kristu mwenyewe, na nyumba ile ni mfano wa Kanisa. Ikiwa ndivyo, mwuguzi, mkunga na daktari wanashika mahali pa mwenye nyumba: mgonjwa aliye mbele yao wamekabidhiwa na Bwana Yezu. Na katika dinari zile mbili yamo mafundisho makubwa kwa kijana anayefikiri achague kazi gani.

Yangambi, mji ulio ukingoni mwa mto Kongo, kilomita zipatazo 100 chini ya Kisangani, umepata sifa duniani kwa elimu ya kilimo. Tangu mwaka 1933, ilipoanzishwa INEAC, shirika la serikali la kuchunguza mambo ya kilimo, wataalamu walipanda na kupima huko michikichi, kahawa na migomba. Hata leo iko aina ya ndizi iitwayo Yangambi Km 5 katika mashamba ya nchi kadhaa za Afrika. Kwa hiyo kijana wa Yangambi amalizaye shule ya sekondari huiona wazi njia ya shamba na msitu. Njia ya hospitali huitazama kwa mashaka, naye huuliza: Kazi hiyo inalipa nini? Swali hilo si dhambi. Kijana ana wazazi wa kutunza, na kesho atakuwa na watoto. Yafaa ajibiwe kwa kweli, pasipo kubembelezwa.

Dinari ya kwanza ni mkate wa kila siku. Zamani zile dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Msamaria, pamoja na huruma yake yote, hakumwambia mwenye nyumba afanye kazi bure kwa kuwa ni kazi njema. Alilipa kwanza. Bwana Yezu alipowatuma wanafunzi wake kuhubiri na kuponya wagonjwa, alisema wazi ya kuwa mtenda kazi ana haki ya kupewa ujira. Na Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha ya kuwa ujira usiomtosha mfanyakazi kuishi ni udhalimu, hata ikiwa ameukubali kwa sababu ya shida.

Lakini kweli isifichwe. Katika Kongo wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, au huupata kidogo tena kwa kuchelewa, hata huishi kwa faranga chache zinazolipwa na wagonjwa wenyewe. Hapo ndipo mshawishi anapobisha hodi. Humnong'oneza mwuguzi auze kwa siri dawa ya hospitali. Amwache mama mwenye uchungu wa kuzaa nje ya mlango mpaka fedha ipatikane. Mwuguzi anayekubali amekwisha kuwa ndugu wa wanyang'anyi wa njia ya Yeriko. Naye Mkristu anayemsifu mwuguzi kanisani, kisha akakataa kulipa deni lake la dawa hali fedha anazo, amefanana na kuhani aliyepita upande wa pili. Haki yadaiwa pande zote mbili.

Dinari ya pili ni furaha ya kumwona mtu akisimama tena. Katikati ya Kisangani na Yangambi, ukingoni mwa mto huo huo, kipo kijiji cha Yakusu. Mwaka 1920 alifika huko daktari Mwingereza, Clement Chesterman, wa misioni ya Wabatisti. Siku zile ugonjwa wa malale ulikuwa ukiangamiza watu. Daktari mmoja angefanya nini katika msitu mkubwa namna ile? Aliwafundisha vijana Wakongo kutazama damu kwa darubini, kupiga sindano na kutunza zahanati. Kisha akawatuma vijijini. Kwa kazi ya mikono hiyo malale ilirudi nyuma. Mkulima hufurahi aonapo mche alioupanda umezaa. Je, furaha ya mwuguzi si kubwa kuliko hiyo, aonapo mtu aliyeletwa kwa machela akirudi kwao kwa miguu yake?

Walakini huruma peke yake haitoshi. Lazima huruma isome. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, upande wa Bumba, ulizuka ugonjwa usiojulikana, ambao baadaye uliitwa Ebola. Masista na wauguzi wa huko walikuwa watu wa moyo mwema. Lakini kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa wagonjwa wote, nazo zilisuuzwa kwa maji tu kabla ya kumchoma mtu mwingine. Hivyo sindano zilizokusudiwa kuponya zilieneza mauti. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Na katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Asiwepo wa kuwahukumu, kwa maana walitoa uhai wao. Bali kijana ajifunze: kuchemsha vyombo, kunawa mikono, kupima dawa sawasawa, hayo nayo ni matendo ya mapendo.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alifika Yambuku daktari Mkongo, Jean-Jacques Muyembe. Alitoa damu ya wagonjwa bila glovu, hata damu ikamchafua mikono. Akanawa kwa maji na sabuni, wala hakuugua. Tangu siku hiyo hakuacha kuuchunguza ugonjwa ule. Akishirikiana na wataalamu wengine, kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995 ilipatikana dawa iitwayo Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Yambuku, katika wagonjwa kumi walikufa karibu tisa. Katika majaribio ya miaka 2018 na 2019 mashariki ya Kongo, waliokufa kati ya waliopewa dawa hiyo walikuwa kama 35 katika mia. Daktari huyo aliingoja dinari yake ya pili zaidi ya miaka 40.

Na wako wasioipokea hapa duniani. Mwaka 2000 Ebola ilizuka Gulu, katika Uganda. Daktari Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya Kikatoliki ya Lacor, alikuwa Kampala masomoni. Alipoitwa alirudi upesi, akawatenga wagonjwa katika wodi yao, akawatia moyo wauguzi waliokuwa wakiwazika wenzao. Tarehe 5 Desemba yeye naye alikufa kwa ugonjwa huo, mwenye umri wa miaka 43, akaacha mke na watoto. Deni lake atalilipa nani? Serikali haiwezi, wala wagonjwa hawawezi. Msamaria alijua ya kuwa dinari mbili hazitatosha. Ndiyo maana aliacha ahadi. Na yule aliyeahidi kurudi ndiye asemaye katika Evanjili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 25, ya kuwa mgonjwa aliyetazamwa alikuwa Yeye mwenyewe. Kwake hakuna usiku wa kukesha uliosahauliwa.

Basi kijana atajuaje kama ameitwa? Asingoje ndoto wala sauti. Na aanze karibu: amwogeshe babu asiyeweza kuinuka, amchotee maji mgonjwa asiye na jamaa, arudi tena kesho pasipo kushukuriwa. Akiona moyo wake unazidi kupenda, na ashike vitabu kwa bidii, maana Kisangani, mwendo usio mrefu kwa mto, chuo kikuu kina masomo ya udaktari. Nao wazazi wasiipime kazi ya mtoto wao kwa mabati ya nyumba atakayoijenga tu.

Evanjili haikulitaja jina la mwenye nyumba ya wageni. Lakini Msamaria alimwamini, akamwachia mtu aliye hai nusu, akaenda zake. Siku ya kurudi kwake, kabla ya kufungua mkoba wa fedha, bila shaka atauliza kwanza habari za mgonjwa. Heri mwuguzi ambaye siku hiyo ataweza kumjibu.