Mashine Iliyofunikwa Shuka

Karatasi ilikuwa mezani, nimeandika shahada tatu: kemia, kemia ya kibiolojia, uhandisi wa vifaa tiba. Baba akaitazama, akasema, "Chagua hiyo ya tatu, tukalale."

Nilijua sababu. Bibi alipougua mapafu, hospitali ilikuwa na mashine ya oksijeni. Ilikuwepo, ndiyo, pembeni mwa wodi, imefunikwa shuka. Eti mbovu. Siku ya tatu bibi akafa. Tangu hapo nyumbani wananiita injinia. Na mimi, jamani, napenda kemia.

Sasa nauliza: elimu ni yangu, au ni deni la walionisomesha?

Wapo wasemao, soma kile roho inapenda. Maneno matamu, lakini ada yangu haikulipwa na roho. Ililipwa na vitumbua vya mama. Wengine husema, soma kinachowafaa watu. Sawa, watu gani? Fritz Haber, mkemia wa Ujerumani, aligundua njia ya kuunda amonia kwa nitrojeni ya hewani. Mbolea itokanayo na amonia hiyo inalisha mamilioni hadi leo. Huyo huyo, tarehe 22 Aprili 1915, alisimamia gesi ya klorini ilipofunguliwa kule Ypres, Ubelgiji, ikaua askari mitaroni. Naye aliamini analitumikia taifa lake. Kumbe kusema "nawatumikia watu" peke yake hakumtakasi mtu.

Usiku ule sikuchagua kitu. Nikasoma habari za ile mashine. Ndani mna chembe za zeolaiti. Hewa ikishindiliwa humo, chembe hunasa nitrojeni, oksijeni ikapita kwenda kwa mgonjwa. Unyevu ukiziingia, zinachoka. Nikacheka peke yangu. Nitrojeni ile ile ya Haber! Sanduku ni la injinia, lakini tumboni mwake ni kemia tupu, na anayengoja mwisho wa mpira ni mtu anayetafuta pumzi.

Hapo nikaona kwamba jina la shahada halilipi deni. Pale wodini hawakukosekana watu wenye vyeti. Walipita kila siku kando ya ile shuka. Hata mimi, nikiwa injinia wa kulazimishwa, ningepita. Deni hulipwa na yule asiyeweza kupita bila kufunua na kuuliza, kimeharibika nini humu? Nami najijua: swali hilo huniwasha nikiwa kwenye kemia.

Asubuhi nikamwamkia baba, nikamwambia, "Naandika kemia."

Akanywa chai mpaka ikaisha. "Na ile mashine?"

"Nitaanza na chembe zake, baba."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mpaka leo najiuliza kama nilimpa jibu au nilimpa ujanja wa mwanafunzi. Miaka yangu ya kazi ndiyo itakayosema. Wewe mwenzangu, ungeandika ipi?