Neno Nyika na Haki ya Jirani

Yako maneno ambayo mtu hudhani yataja ardhi tu, kumbe yahukumu na watu wake. Neno moja la namna hiyo ni nyika.

Kwa watu wa pwani, nyika ni ile nchi kavu iliyo nyuma ya minazi na mashamba, yenye miiba na maji ya shida. Si mwitu, kwani mwitu una miti mikubwa iliyosongana. Wala si jangwa, kwani nyikani majani huota mvua inyeshapo. Katika Biblia ya Kiswahili, nyikani ndiko Yohana Mbatizaji alikohubiri. Hapo ni mahali pa upweke na toba. Mchungaji naye, akiitazama nchi ile ile, huona malisho. Basi neno ni moja, macho ni mengi.

Lakini neno hili lilitoka katika ardhi likawashika watu. Wenyeji wa makaya yaliyo nyuma ya Mombasa waliitwa Wanyika na majirani zao, na wamisheni wa karne ya 19 wakaliandika jina hilo vitabuni. Wenyewe hawakulipenda, maana liliwafanya kuwa washenzi wa porini. Katika miaka ya 1940 wakashika jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Huku kwetu, mwaka 1920 Waingereza waliiita nchi Tanganyika kwa jina la ziwa, na wengi hulieleza jina hilo kwa tanga na nyika. Nasi hatukuliona kuwa tusi, bali tulipata uhuru nalo mwaka 1961. Mbona huko dharau na huku fahari? Kwa sababu wale waliitwa na mtu aliyewadharau, na sisi tulilipokea jina tukalifanya letu.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kusema: nyika ni tupu. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, katika kueleza ardhi ya jumla, yatia humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Basi ni nani aamuaye kwamba haitumiwi? Mfugaji huacha malisho yapumzike mpaka mvua zirudi. Mpita njia huona utupu. Hata hapa Tegeta, kando ya njia ya Bagamoyo, mgeni aonaye nyumba na kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza kazi mwaka 1966, ni rahisi aseme kwamba zamani palikuwa pori tupu. Lakini pori hutoa kuni, dawa na asali, nayo yana watu wayatafutao.

Labda mtu atasema, neno halichukui shamba la mtu. Ni kweli, neno halina mikono. Lakini mwenye mikono hutanguliza neno, ili dhamiri yake inyamaze.

Basi, walimu wenzetu, mtoto asemapo kwamba mahali fulani ni nyika tu, tumwulize: Ni nani apitaye hapo, na kwa majira gani? Tumeamriwa tusimshuhudie jirani uongo. Kuiita tupu nchi impayo riziki ni kumshuhudia uongo, hata kama yeye hayupo kusikia.