Fundi Aikanapo Kazi Yake

Katika mji wa Liverpool, Uingereza, palikuwa na bendi ya vijana wanne iliyoitwa The La's, jina litokanalo na namna watu wa mji ule wanavyolitamka neno la kuitana vijana. Bendi hii ilitoa santuri ndefu moja tu katika maisha yake. Ilitoka Oktoba 1990, ina nyimbo 12, na mtu huweza kuisikiliza yote kwa muda wa dakika 35 hivi. Walioisikia waliisifu, na wengi wangali wakiisifu mpaka leo. Aliyesimama hadharani kuilaumu ni Lee Mavers, naye ndiye mwimbaji wake na ndiye mtunzi wa nyimbo zake. Aliwaambia waandishi wa magazeti kuwa haipendi, kuwa haina uhai, na kuwa imetolewa bila ya ridhaa yake.

Basi hapa pana swali linalostahili kufikiriwa na kila mtu atengenezaye kitu kwa ajili ya wenziwe, awe mshairi, mjenzi au mwalimu. Je, fundi ana haki ya kuikana kazi iliyotoka mikononi mwake? Na kama anayo, sisi tuliokwisha kuipenda kazi hiyo tuna wajibu gani? Tuache kuipenda kwa kumstahi, au tuendelee kuipenda mbele ya uso wake aliyeukunja?

Kwanza yafaa habari zijulikane. Mavers aliingia katika bendi mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa na Mike Badger, ambaye baadaye alijitoa. Mwaka 1987 bendi ilifunga mkataba na Go! Discs, kampuni ndogo ya santuri iliyokuwa na wasanii kama Billy Bragg na The Housemartins. Tangu hapo ikaanza safari ambayo haikufika. Nyimbo zilirekodiwa, zikatupwa, zikarekodiwa tena. Wasimamizi wa kurekodi walikuja wakaenda: John Porter, John Leckie, Mike Hedges, Bob Andrews na wengine. Wapiga gitaa na ngoma nao walibadilika. Wimbo mmoja, "There She Goes", ulitolewa katika santuri ndogo mwaka 1988 na haukushika. Ulipotolewa tena mwaka 1990 ukapanda mpaka nafasi ya 13 katika orodha ya Uingereza. Husimuliwa kuwa Mavers aliwahi kuikataa meza ya kuchanganyia sauti kwa sababu haikuwa na vumbi la miaka ya 1960. Yamkini kisa hiki ni mzaha ulionenepa kwa kupita vinywani, lakini mzaha haumwandami mtu bure.

Mwisho alikuja Steve Lillywhite. Bendi ikaondoka studio kabla ya kuridhika, naye akakamilisha santuri kwa yale yaliyokwisha kurekodiwa. Ndiyo santuri tuliyo nayo.

Wako wasemao kuwa Mavers alikuwa na kiburi tu. Mimi siwezi kusema nao kwa haraka hivyo. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mnunuzi huliona kabati kwa nje, akalisifu kwa wororo wa mbao na mng'ao wa rangi. Seremala peke yake ndiye ajuaye kuwa kiungo cha nyuma kimeshikwa kwa gundi pale palipopasa kushikwa kwa ulimi. Kabati litasimama miaka hamsini, na miaka yote hamsini seremala atajua. Kumwambia mtu huyo kuwa hakuna kosa kwa sababu sisi hatulioni ni kumtaka ayapime mambo kwa ujinga wetu na kuuacha ujuzi wake. Tena aliyekwisha kusikia wimbo ndani ya kichwa chake, mzima, kabla mtu yeyote hajausikia, ana kipimo ambacho sisi hatukupewa. Anaposema kuwa kilichotoka sicho, tuna sababu gani ya kumkadhibisha?

Lakini kuna upande wa pili, nao una uzito. Kampuni ilitumia fedha kwa miaka mitatu. Fedha zile hazikuwa zawadi, zilikuwa karadha iliyotolewa kwa ahadi, na ahadi ni deni. Mtu akichukua mbao za mwenziwe kumtengenezea kabati, hana ruhusa ya kulivunja kila linapokaribia kwisha, hata kama kila mara anavunja kwa sababu njema. Ukamilifu ni wito mtukufu ukigharimiwa na anayeuitikia. Ukigharimiwa na wengine, unataka idhini yao. Kwa hiyo siioni kampuni kuwa ilitenda dhuluma ilipoitoa santuri, ingawa ningependa zaidi kama ingeandika juu ya jalada kuwa mtunzi hakuikubali. Hilo lingekuwa ukweli, na halingempunguzia mtu furaha.

Watu hupenda kumtaja Franz Kafka katika jambo hili. Alimwagiza rafiki yake Max Brod aziteketeze hati zake baada ya kufa. Brod akazitoa, na riwaya yake ya "Der Prozess" ikachapwa mwaka 1925. Lakini mfano huu haulingani na wetu kwa jambo kubwa: Kafka alikuwa amekufa. Mavers alikuwa hai, kijana, mwenye sauti yake na gitaa lake. Aliyekufa hawezi kusahihisha, kwa hiyo tumehukumu badala yake kwa kukosa budi. Aliye hai akisema "sivyo", twaweza kumwuliza: ilivyo ni vipi? Na kwa muda wote uliopita tangu 1990 Mavers hajatoa santuri ya pili kulijibu swali hilo.

Nadhani kosa letu sote, wanaomlaumu na wanaomtetea, ni kuchanganya vitu viwili. Wimbo ni kitu kimoja na rekodi ya wimbo ni kitu kingine, kama vile mtu na picha yake. Mavers hakuzikana nyimbo zake. Aliendelea kuziimba, hata bendi ilipokusanyika tena mwaka 2005. Alichokikana ni picha. Na wimbo wenye nguvu hauitegemei picha moja. Mwaka 1999 bendi ya Kimarekani, Sixpence None the Richer, ilitia "There She Goes" katika sauti ya mwanamke, laini, isiyo na harufu ya Liverpool hata kidogo, na watu wakaupenda upya. Kama wimbo waweza kuvaa nguo ya mgeni na bado ukajulikana, basi nguo aliyoitafuta Mavers kwa miaka mingi haikuwa roho yake. Hilo ndilo neno lililo zito kuliko yote dhidi yake, nami sijaliona jibu lake.

Kuna jambo jingine ambalo mazungumzo ya haki za fundi hulipita haraka. Bendi si mtu mmoja. John Power alipiga gitaa la besi na kuimba kando ya Mavers kwa miaka, akizirudia nyimbo zile zile, kipindi ambacho kijana wa umri wake hakipewi mara mbili. Alijitoa mwaka 1991. Akaanzisha bendi yake, Cast, ambayo santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1995. Power naye alikuwa na sauti ndani ya kichwa chake. Ni nani aliyeiuliza inangoja nini? Mtu anayengoja ukamilifu peke yake hula siku zake mwenyewe. Anayengoja pamoja na wenziwe hula na zao, na mara nyingi hawezi kuzihesabu.

Mwaka 2008 santuri ilitolewa upya, na pamoja nayo zikatolewa nyimbo zilizorekodiwa zamani chini ya Mike Hedges, ambazo watu walikuwa wakizisimulia kama hazina iliyofukiwa. Nimezisikiliza kwa zamu, hizi na zile za Lillywhite. Za Hedges zina ukavu na ukali zaidi. Gitaa liko karibu na sikio, kama lapigwa chumba cha pili. Kwa nyimbo mbili tatu ningezichagua hizo. Kwa "Looking Glass", wimbo mrefu wa mwisho unaokusanya mwendo polepole mpaka ukawa kimbunga, narudi kwa Lillywhite kila mara. Na Mavers alikuwa amezikataa zote mbili.