Gari la mbio la zamani na kipato cha mwalimu: Israfu huanzia wapi?

MSAFIRI atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akishapita Tegeta na Boko, akaingia Bunju, Mapinga hadi Kerege, ataona gereji nyingi za chini ya miembe. Magari mengi yaliyoegeshwa hapo ni mikweche ya kawaida, mingine inasubiri spea na mingine inasubiri mwenyewe apate fedha. Lakini mara mojamoja, nyuma kabisa, chini ya turubai, huonekana gari la namna nyingine: Toyota Celica ya miaka ya 1970, au Datsun ya milango miwili, pua ndefu, mgongo umeinama kama wa papa. Na pembeni yake amesimama mtu mwenye mshahara wa kuhesabika, anauliza bei.

Watu wa aina hiyo wamenijia zaidi ya mara moja baada ya darsa. "Ustadh, mtu kama mimi nikilinunua gari lile, nitakuwa nimefanya israfu?" Swali huulizwa kwa kicheko, kana kwamba muulizaji anaomba radhi kabla hajajibiwa. Waliomzunguka nao huwa na majibu tayari. Mmoja atasema hiyo ni israfu ya wazi, mshahara wa mwalimu na gari la mbio vinakutana wapi? Mwingine atasema pesa ni yake, kila mtu na starehe yake. Majibu yote mawili ni mepesi mno, na yote mawili yanakwepa swali.

Kwanza tuone mapenzi haya yametoka wapi, maana si ugonjwa wa kuiga filamu kama wengine wanavyodai. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope ya kwetu wenyewe. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilijua kama teksi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Kizazi kizima kilikua kikisikiliza habari hizo redioni. Tangu mwaka 2003 yameanzishwa hata mashindano maalumu ya Safari kwa magari ya zamani peke yake. Kwa hiyo kijana wa Bagamoyo anayeisimamia Datsun mbovu kwa dakika ishirini bila kusema neno, anatazama kipande cha historia ya Afrika Mashariki.

Tena magari haya mengi hayakuundwa kwa ajili ya matajiri. Datsun 240Z ilipotoka mwaka 1969, sifa yake kubwa ilikuwa kwamba inauzwa kwa bei ya chini kuliko magari ya mbio ya Ulaya. Mazda MX-5 iliyotoka mwaka 1989 ilifuata njia hiyo: viti viwili, injini ndogo, bei ya mtu wa kawaida. Hivyo wazo la mtu wa kipato kidogo kumiliki gari zuri lenye mbio lilikuwamo katika vyombo hivyo tangu kiwandani.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wenye kukimbilia neno israfu huwa wanasahau kwamba Qur'ani, katika Surat An-Nahl, inapotaja farasi, nyumbu na punda, haikutaja kuwapanda tu bali ilitaja pia kuwa ni pambo. Yaani kipando kuwa kizuri machoni pa mwenyewe ni neema iliyotajwa kwa jina lake. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, hakukiita kiburi. Alifafanua kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Aidha ni sahihi kwamba yeye mwenyewe aliandaa mashindano ya mbio za farasi Madina. Kwa hiyo anayesema gari la mbio ni haramu kwa sababu ni zuri na lina mbio, alete dalili nyingine.

Tena kuna jambo linaloniudhi katika lawama hizi. Tajiri akinunua gari jipya la mamilioni mengi, tunamwombea dua na kumsogezea kiti cha mbele. Mwalimu akinunua gari bovu la miaka 40 kwa fedha aliyojibana mwenyewe, tunasema amerukwa na akili. Mtu huyo huyo akichangia harusi tatu kwa mwezi, akanunua sare ya kila harusi, hakuna atakayetamka neno israfu. Je, kupenda kitu kizuri ni haki ya wenye nacho peke yao? Kama kipimo chetu ni macho ya watu, basi tuseme hivyo waziwazi, tusiipakazie dini.

Hata hivyo upande wa pili nao haujasalimika. "Pesa ni yangu" ni kauli ambayo haina msingi kwa Muislamu, na sidhani kama ina msingi kwa mtu yeyote mwenye familia. Imamu Shatibi, aliyefariki mwaka 1388, aliyapanga masilahi ya mwanadamu katika daraja tatu: yale ya dharura, yale ya haja, na yale ya kupamba maisha. Gari la mbio la zamani liko daraja ya tatu, hata tulipende vipi. Na daraja ya tatu haikukatazwa. Kinachokatazwa ni pambo kuibomoa dharura. Kwa maana hiyo israfu haipimwi kwa ukubwa wa bei. Mtu anaweza kutumia milioni hamsini asifanye israfu, na mwingine akafanya israfu kwa laki tatu, kwa sababu laki tatu zile zilikuwa ada ya mtoto.

Na hapa ndipo gari la zamani lilipo na hila yake. Bei yake ya mlangoni ni ndogo. Tuchukue mfano wa kufikirika: gari linauzwa milioni 6, na mnunuzi anaweza kuweka akiba ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 40, zaidi ya miaka mitatu ya kujinyima, na hapo gari bado halijawaka. Yakija matengenezo, hayaji kama deni moja linaloonekana. Yanakuja kidogokidogo: leo kabureta, kesho pampu ya breki, keshokutwa fundi bodi anasema sakafu imeoza na lazima akate bati achomelee jipya. Kila moja ni fedha ndogo ambayo haistahili kikao cha familia, na kwa sababu hiyo hakiitishwi.

Watu wa Bagamoyo wangepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu wameishi na majahazi. Nani asiyejua kwamba jahazi halinunuliwi mara moja? Chombo hupandishwa pwani, hukalafatiwa, hupakwa deheni, tanga hushonwa upya. Mwenye chombo asiyekuwa na fedha ya kalafati hana chombo, ana kuni zinazoelea. Lakini jahazi huleta samaki na mizigo, hujilipia kalafati yake. Datsun ya mwaka 1973 haileti kitu. Na chumvi ile ile inayokula misumari ya jahazi inakula bati lake usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa. Magari ya Kijapani ya miaka ile yanajulikana duniani kote kwa udhaifu wa kutu, seuze huku kwetu ambako upepo wa bahari unaingia hadi sebuleni.

Wapo wanaojifariji kwamba huo ni uwekezaji. Wamesikia kwamba mwezi Januari 2020 Datsun 240Z moja iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Ni kweli iliuzwa. Lakini gari lile lilikuwa limetunzwa kiasi cha kuwa kama jipya, halikulala chini ya mwembe wa Mapinga. Na anayedhani ataagiza lake kutoka Japani kwa bei nafuu akumbuke kuwa TRA hukadiria thamani kwa hesabu zake yenyewe, na gari lililozidi miaka 10 huongezewa tozo kwa ajili ya uchakavu. Wenzetu wa Kenya kwa kawaida hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8. Anayependa gari aseme napenda. Kulivika penzi kanzu ya biashara ni kujidanganya mwenyewe, na hesabu inayoanza kwa kujidanganya haimaliziki salama. Likiingia deni ndani yake, hasa hii mikopo ya kausha damu, hapo hatuzungumzii tena mapambo.

Lipo pia suala la muuzaji, nalo halizungumzwi vya kutosha. Fundi bodi wetu ni hodari wa puti. Kutu ya kiganja kizima hufunikwa asubuhi, ikapigwa msasa mchana, jioni ikapakwa rangi inayong'aa. Kila mwenye kufundisha maarifa ya Uislamu amesomesha kisa cha Mtume (s.a.w.) kutia mkono ndani ya fungu la nafaka sokoni akakuta maji chini yake, na karipio alilolitoa kwa mwenye mali. Puti juu ya kutu ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyolowa, sioni tofauti yoyote.

Muuzaji atajitetea: "Mzee, nimekuuzia kama lilivyo." Je, kauli hiyo inamtoa? Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu huku pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji akishurutisha kutodaiwa aibu yoyote, sharti hilo linamfaa katika mnyama tu, kwa aibu ya ndani ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu waliyoitaja ni kwamba mnyama hubadilika kati ya afya na ugonjwa na undani wake haujulikani. Kitambaa au nyumba haina udhuru huo. Sasa gari la miaka 50 ni mnyama au ni kitambaa? Napenda kuwaachia wanafunzi wangu swali hili wabishane. Injini yake, nakubali, ina undani kama wa mnyama: leo inaunguruma vizuri, kesho inatoa moshi, na muuzaji mkweli anaweza asijue. Lakini sakafu si tumbo la ng'ombe. Sakafu huonekana kwa jeki na tochi, na aliyeipaka puti wiki iliyopita anaijua vizuri sana. Huyo hafichwi na maneno "kama lilivyo", wala mnunuzi asione haya kurudisha gari kwa aibu ya namna hiyo.

Baada ya yote hayo, jambo linalonipa uzito zaidi ni hadithi inayofahamika ya farasi wa watu watatu. Farasi ni yule yule, lakini kwa mmoja ni malipo, kwa mwingine ni stara, na kwa wa tatu ni mzigo. Wa tatu alimfuga kwa fahari na kujionyesha. Wa pili, ambaye ndiye anayetuhusu sisi wa kipato cha kati, alimfuga ili asiwe mwenye kuomba watu, lakini hakuisahau haki ya Allah (s.w.) iliyo katika shingo na mgongo wa mnyama yule. Mgongo wa kipando una haki. Katika mitaa yetu haki hiyo tunaijua kwa vitendo: mwenye gari mtaani ndiye gari la wagonjwa. Saa nane za usiku mlango unagongwa, "Baba Fulani, tusaidie, mama ameshikwa na uchungu." Hakuna anayeuliza kama una mafuta.

Magari mengi ya mbio yana viti viwili tu. Datsun 240Z ni viti viwili, MX-5 ni viti viwili. Mjamzito atakaa, na mkunga aliyemshika mkono abaki barazani? Mama mzazi akitoka Kaole kuja kliniki, mtoto akae wapi? Celica angalau ina kiti cha nyuma, ingawa mtu mzima atakaa amekunja magoti hadi kidevuni. Silisemi hili kwa utani. Anayenunua gari la viti viwili, na ndilo gari lake pekee, amekwisha kuamua nani atabebwa na nani hatabebwa kabla mlango haujagongwa. Kama ana bajaji au pikipiki ya kufanyia kazi za nyumbani, na gari lile ni la ziada kweli, hapo mambo ni mengine, naye alifurahie bila kumwomba mtu radhi. Hata akilitengeneza polepole kwa miaka kumi na watoto wake wakashika spana pembeni yake, wakajifunza kazi ya mikono, nadhani atakuwa amewanunulia kitu bora kuliko simu wanazoomba.

Lakini risiti za spea zisifichwe chini ya godoro. Wengi wanazificha, na ninaposikia hivyo huwa sina haja ya kufungua kitabu kutafuta hukumu, maana mfichaji ameshajihukumu. Siku ya kwenda kulitazama gari aende mchana, si jioni rangi inapodanganya, achukue fundi asiyejuana na dalali, tochi na jeki. Na aende na mkewe. Fundi alale chini ya sakafu agongegonge bati kwa bisibisi, na mama apewe nafasi ya kufungua milango yote miwili na kuhesabu viti.