Sifuri za Kiangazi

Saa tatu asubuhi nainama mbele ya kipima mvua uani kwangu, hapa Nzega, mpaka jicho lilingane na maji, nasoma, naandika. Ndiyo saa ya kusoma vituo vya mvua nchini. Mvua yote iliyonyesha tangu jana saa kama hiyo huhesabiwa pamoja. Kuanzia Mei hadi Oktoba, aghalabu maji ya kusoma hayapo. Natoa utando wa buibui kwenye faneli, nachungulia chupa iliyokauka, naandika 0. Ukifungua daftari zangu utakutana na sifuri kuliko tarakimu nyingine yoyote.

Mke wangu aliwahi kuniuliza kwa nini naandika kitu ambacho hakipo. Nimeishi na swali hilo miaka mingi. Mvua ya milimita 30 haihitaji karani. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo jaruba la ekari 1 limepokea zaidi ya lita 120,000 usiku mmoja, na vyura wameshatangaza. Siku kavu haina wa kuitangaza. Nikiiacha bila alama, atakayesoma hatajua kama mbingu ilifunga au mimi nililala. Sifuri inamwambia kwamba mtu alikwenda akatazama.

Zamani Unyamwezi, mvua ilikuwa dhamana ya mtemi. Ukame ukizidi alidaiwa yeye, na angeweza kupoteza kiti chake. Mwaka 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alitoka Kaze, Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini hadi Ziwa Nyanza, akipima joto la maji yanayochemka ili ajue kimo cha nchi. Alipima akapita. Mtemi alibaki chini ya mawingu yaleyale, na watu wale wale wakimtazama. Mimi sina dawa ya mvua, wala hakuna anayenidai masika. Lakini katika hao wawili, moyo wangu uko kwa aliyebaki.

Deni langu lilikuja kwa njia nyingine. Jirani yangu, kijana mkulima wa mpunga, alibisha hodi jioni moja.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Walikuwa wanabishana na kaka yake juu ya msimu mmoja wa nyuma. Kaka alisema mbegu zilipotea kwa uvivu wa mdogo mtu. Yeye alisema mvua ilikatika. Nilifungua Desemba ya mwaka ule. Kuanzia tarehe 11 hadi 18, patupu. Nilikuwa msibani Igunga. Tarehe 19 niliandika milimita 46, jumla ya siku zote hizo. Zilinyesha siku ya kwanza, ya mwisho, au kidogo kidogo? Maji ya kwenye chupa hayatunzi tarehe. Kijana aliutazama ukurasa kwa muda mrefu, akanishukuru kwa adabu, na shukrani ile ilinichoma.

Kesho yake nilimwita, nikamwonyesha jinsi ya kuinama.

Januari nilikwenda Tabora kutibiwa. Niliporudi nilikuta mistari minne kwa mwandiko wake: namba tatu, kisha 0, ambayo ameikandamizia kalamu mpaka alama yake imetokea ukurasa wa pili.