Njema, Ila...



Je, ni uongo mtu kuonyesha uso wa furaha hali moyoni analia? Swali hili ni la zamani, lakini ugonjwa wa korona ulilipa uzito mpya.

Mwaka 2020 serikali yetu haikutufungia majumbani. Kwa jirani zetu wa Kenya, amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi. Tangu tarehe 6 Aprili hadi mwanzoni mwa Julai watu walizuiwa kuingia Nairobi au kutoka. Tarehe 16 Mei Kenya ikaufunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa malori ya mizigo. Sisi wa Tarime twajua maana yake, kwa kuwa ukoo mmoja waweza kuwa na mji Sirari, na mwingine Isebania, na vijana wake Nairobi. Miezi ile wengi walijuana hali kwa picha za WhatsApp na Facebook tu.

Sasa tuitazame desturi yetu. Mtu akiulizwa habari, hujibu "njema", hata kama ametoka kuzika. Hatumwiti mwongo, maana salamu zetu haziishii hapo. Huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na katika swali la tatu au la nne husema, "Njema, ila mtoto amelazwa." Katika neno hilo dogo, "ila", ndimo ukweli hupitia.

Picha haina "ila". Kijana aliyepoteza kazi aliona meza ya mwenzake imejaa chakula, akadhani dhiki ni yake peke yake. Alipima moyo wake kwa uso wa mwenzake, vitu visivyopimwa kwa kibaba kimoja. Naye mwenye picha, akiisha kuwatangazia watu heri, aliona haya kuomba unga. Hivyo wote wawili waliumia, kila mmoja chumbani mwake.

Pengine mtu atasema: basi kila mmoja aanike machozi yake hadharani. La, hasha. Kusitiri mambo ya nyumba ni heshima, wala si kila jambo ni la barazani. Kosa si kuwaficha watu wote. Kosa ni kutobakiza hata mmoja wa kumweleza. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Na huzuni nayo ni maradhi.

Lakini mzigo huu si wa mwenye picha peke yake. "Ila" haisemwi pasipo mwulizaji. Mipaka imekwisha kufunguliwa, bali picha zaendelea kuja kila siku. Basi tukiona picha njema ya ndugu aliye mbali, tusitosheke kuisifu. Tumpigie simu, tumwulize habari. Akisema "njema", tusikate simu. Tuulize tena, kisha tunyamaze kidogo, tumsikilize.